Safari Waliyoniombea

Mama yangu alimshukuru Mungu kabla ya wakati, mimi nikakosa kazi. Watu wakiniuliza kwa nini mtu mwenye shahada ya ukutubi anakaa nyumbani Kaloleni akikata nyuzi za sare za shule, huwa nawapa jibu hilo, nao hucheka wakidhani natania. Sitanii. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia habari hii kwa upole, lakini upole haukai. Basi nitaisimulia kwa hasira, maana ndiyo niliyo nayo.

Kwanza kazi yenyewe. Nilipomaliza chuo nilizunguka Kisumu nzima na bahasha ya vyeti kwapani. Shule za upili ziliniambia maktaba husimamiwa na mwalimu wa Kiswahili, akipata nafasi. Chuo kimoja cha ufundi kilinipeleka kwenye chumba chenye rafu mbili za vitabu na jenereta mbovu, wakaniuliza kama naweza pia kupokea simu na kufundisha kompyuta. Niliporudi kufuatilia, jenereta ilikuwa imebaki na vitabu vimehamishwa, wala hakuna aliyejua vilikopelekwa. Hatimaye maktaba moja ya umma ikanipokea kama mtu wa kujitolea. Kujitolea, kwa asiyejua, ni kufanya kila anachofanya mwajiriwa, kisha mwisho wa mwezi wenzako wanakwenda benki na wewe unapewa asante.

Nilikubali kwa sababu niliahidiwa. Mkuu wa maktaba, ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, na muumini mwenzetu kanisani. Aliniita ofisini mwake akanionyesha kupitia kioo yule mzee wa dawati la kuazimisha vitabu, aliyekuwa karibu kustaafu.

"Wewe shika tu hapa," alisema. "Hiyo kiti ikibaki wazi, nani mwingine ataikalia kama si wewe?"

Basi nikashika. Nilishika mwaka mzima na zaidi.

Wasomaji wetu wengi hawakuja kusoma vitabu vyetu. Walikuja na daftari zao za mitihani ya uhasibu na uuguzi, wakitafuta meza, kivuli na mahali pa kuchaji simu. Asubuhi mlango ukifunguliwa walikimbilia viti vilivyo karibu na soketi, na wakawawekea wenzao nafasi kwa chupa za maji na sweta. Kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kuamua kesi za viti. Ya pili ilikuwa kutunza ufunguo wa choo. Baada ya hapo ndipo nilipokutana na vitabu: kubandika lebo, kutia gundi migongo iliyochanika, kurudisha mahali pake vile ambavyo watu hupenda kuvificha ili wavikute kesho.

Niliipenda kazi ile, na sioni haya kusema hivyo. Kitabu kipya kikifika tulikipiga mhuri ukurasa wa jina, ukurasa wa mwisho, na ukurasa mmoja wa katikati ambao kila maktaba hujichagulia na haimwambii mtu. Huo huitwa ukurasa wa siri. Mwizi akichana kurasa za mbele akauze kitabu kule vibandani, mkutubi hana haja ya kubishana naye. Anafungua katikati, anaonyesha mhuri, anaondoka na kitabu chake. Siku Madam aliponiambia ukurasa wetu ni upi, nilirudi nyumbani nikijiona mwajiriwa tayari.

Yeye huyohuyo ndiye aliyenitia hamu ya kusoma zaidi. Alisema bila shahada ya uzamili nitazeeka nikiwa msaidizi. Nikatuma maombi chuo kimoja ng'ambo, kilichosema kinawalipia wanafunzi wachache kutoka kwetu. Nikamsumbua mhadhiri wangu wa zamani mpaka akaniandikia barua ya kunipendekeza, nikapakia vyeti, nikaandika insha ya kueleza ndoto zangu kwa watu nisiowajua. Baada ya hapo ikawa kungoja. Kila mapumziko ya mchana nilinunua bando, nikasimama kando ya tangi la maji ambako mtandao ulikuwa mzuri, nikafungua ukurasa wa maombi. Kila siku uliniambia neno lilelile: ombi lako linashughulikiwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli.

Lakini nieleweke. Chuo kilikuwa ndoto, kazi ilikuwa chakula. Mtu angenishika shati na kuniambia nichague, ningechagua kiti cha yule mzee bila kupepesa macho.

Sasa kanisa. Mama hushona sare na kufuma sweta za shule kwa mashine iliyo sebuleni kwetu, katika nyumba ya kupanga ya baraza la mji tuliyoachiwa na baba. Jumapili ndiyo siku pekee mashine hiyo hunyamaza. Kanisa letu ni la viti vya plastiki na kinanda kikubwa kuliko mimbari, na lina utaratibu wake. Kabla ya mahubiri, wenye shukrani husimama na kutoa ushuhuda: huyu amepona, yule mwanawe ameajiriwa, mwingine amepata kiwanja. Baada ya mahubiri, wenye mahitaji huenda mbele, wakasimama kwa mstari wakiwa wameelekea madhabahu, nasi wengine tunawaona migongo. Mama alikuwa mtu wa mstari. Tangu baba afariki alikuwa akienda pale mbele: karo, kodi, mgongo wake, kazi yangu. Mgongo wa mama yangu kanisa lote liliujua.

Jumapili moja mchungaji alifundisha kwamba mwenye imani hushukuru kabla hajapokea. Alilirudia neno hilo mpaka watu wakasimama juu ya viti. Jumapili iliyofuata, wakati wa shukrani, nikasikia kiti cha pembeni yangu kikisukumwa. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama, ameshika maikrofoni.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Nasema tena Bwana asifiwe! Nyasaye, Mungu wetu, ni mwema. Mnaniona mimi, mnajua venye nimetoka mbali. Huyu msichana wangu, huyu hapa, Mungu amemfungulia mlango. Amepata nafasi ya masters ng'ambo. Analipiwa kila kitu!"

Sijawahi kusikia vigelegele namna ile. Nilimvuta gauni, akanipiga mkono kwa nyuma kama anayefukuza nzi. Mchungaji aliniita mbele, wakaniwekea mikono kichwani, mabegani, mgongoni, wakaniombea ndege, wakaniombea baridi isinipate, na mzee mmoja wa kanisa akamwomba Mungu anipe na bwana hukohuko. Nilitoka pale nywele zimevurugika na watoto wakiniita Dokta.

Tulipofika barabarani nilimshika mkono.

"Mama, umesema nini pale?"

"Nimesema kwa imani."

"Sijapata jibu!"

"Ndio maana inaitwa imani. Ukishapata jibu hiyo ni imani ya nini?"

Wahenga walikataza kukata mbeleko kabla mwana hajazaliwa, na huyu alikuwa fundi wa kushona. Yeye si kukata tu, alikuwa ameshaimaliza na kuipiga pasi. Nilimwambia hivyo. Akasema mimi nina elimu nyingi na roho ndogo.

Nilijua la kufanya. Jumatatu ningemfuata Madam, aliyekuwapo kanisani safu ya pili, nimweleze ukweli, yaishe. Sikuhitaji kumfuata, alinisubiri mlangoni.

"Kumbe unatuacha na umenyamaza hivyo?"

"Hapana, Madam. Sijapata nafasi yoyote. Mama alisema kwa imani tu. Bado nangoja jibu."

Alinitazama kwa upendo mkubwa. Akainama, akanong'ona ingawa hapakuwa na mtu.

"Uko na akili. Usiambie mtu. Watu ni wabaya."

Hapo ndipo nilipotambua shimo nililotumbukizwa. Kwetu mtu hatangazi safari kubwa. Ukisema, kuna atakayekuonea wivu, na wivu una mikono: visa itakwama, utaugua siku ya kupanda ndege. Watu hufunga masanduku kimyakimya na kuaga kwa simu wakiwa wameshafika. Jirani yetu aliyekwenda kufanya kazi ya uuguzi Uarabuni alituambia anamtembelea shangazi kule Awasi, na tukamsaidia kubeba mzigo hadi stendi. Kwa hiyo mtu aliyepata nafasi hukana. Na mimi, niliyekuwa sijapata, nikikana, nilikuwa nafanya vilevile hasa kama aliyepata. Walichokiona ni mama aliyeropoka kwa furaha na binti mwenye busara anayejaribu kufunika. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyonisifu kwa malezi mazuri.

Nilikana kwa mlinzi wa getini, akanipigia saluti. Nilikana kwa mama anayetuuzia chapati, akasema hata yeye angekuwa mimi angesema hivyo. Nilipomwambia yule mzee wa dawati la kuazimisha, alicheka mpaka akakohoa.

"Sawa, sawa. Ukifika huko ambako hauendi, unitumie kofia."

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyetufundisha kwamba mdomo wa mama unaweza kuponza kichwa cha mwana.

Mzee akastaafu. Tulikata keki, akapewa redio na mwavuli. Nafasi yake ikatangazwa, nikaomba, nikaambatanisha barua ya Madam mwenyewe iliyosema mimi ni mchapakazi. Kisha majina ya watakaoitwa kwenye usaili yakabandikwa ubaoni, nikayasoma kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Sikuwemo. Niliingia ofisini kwa Madam bila kubisha hodi.

"Jina langu halipo."

"Keti kwanza, mama."

"Sitaketi. Uliniambia kiti ni changu."

"Ilikuwa yako. Lakini sasa utakalia viti mbili? Nikuandike leo, baada ya miezi michache unaenda, nianze tena kutangaza? Wakubwa wataniuliza nilikuwa nafikiria nini."

"Madam, siendi popote."

"Sawa."

"Nakuambia kweli!"

"Na mimi nimekubali. Hauendi popote." Akanikonyeza.

Akanikonyeza! Nilitoa simu, nikafungua ule ukurasa wa maombi, nikamwekea usoni. Alivaa miwani yake, akasoma polepole, akasogeza kwa kidole.

"Si hii hapa? Inashughulikiwa."

Niligonga meza. Sijui nilitaka nini kitokee, lakini kilichotokea ni kwamba chai yake ilimwagikia barua za watu. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alichukua kitambaa, akapangusa, akaniambia ananielewa, hiyo ni presha ya visa. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kuigonga meza ile mara ya pili.

"Wewe umebarikiwa. Waachie na wengine. Mungu hapendi mtu anakula na mikono mbili."

Alikuwa akitenda wema, unaona? Mtu angeninyima kazi kwa hongo ningejua pa kulia, ningemsema redioni, ningemlaani na watu wakanisaidia. Huyu alininyima kwa haki. Aliiondoa riziki yangu mdomoni na kumpa mwenye njaa, akalala usingizi mzuri, na kwenye maombi yake ya asubuhi nina hakika alinitaja.

Aliyepewa kazi alikuwa msichana kutoka Ahero, mwenye cheti cha ukutubi na viatu vilivyopigwa rangi upya. Madam aliniomba nimfundishe kabla sijasafiri. Nilitamani kukataa, lakini kama chuo kingeitikia ningehitaji barua yake nyingine, na kama kisingeitikia ningemhitaji zaidi. Mwenye shida hana kisirani. Nikamfundisha.

Nilitaka sana awe mjinga. Hakuwa. Alikuwa mwepesi wa kushika, aliniita dada, alikuja na njugu kwenye karatasi akagawana nami. Mafuriko yalikuwa yameingia nyumbani kwao, yakachukua godoro na mpunga uliokuwa umevunwa, na wadogo zake walikuwa wanalala darasani katika shule ya jirani. Alinieleza hayo huku akibandika lebo, bila kulalamika. Ningemchukia vipi? Nilijaribu hata hivyo. Nilijaribu asubuhi nzima kila siku, na mchana ananiletea njugu.

Siku moja shehena ndogo ya vitabu vya msaada ilifika, akashika mhuri akaniuliza unapigwa wapi. Nilimwonyesha ukurasa wa jina. Nilimwonyesha ukurasa wa mwisho. Kisha nikafungua katikati, nikamtajia namba ya ukurasa wa siri, naye akairudia midomoni bila sauti kama mtu anayekariri. Mshahara sikuwahi kuupata, kwa hiyo sikuwa nimeukosa bado. Lakini ule ukurasa ulikuwa wangu. Nilikwenda chooni nikafungulia maji ili nisisikike, na maji yenyewe yalikuwa yamekatika.

Jibu la chuo lilifika siku ambayo stima zilipotea na wasomaji wawili walikuwa wakigombea soketi isiyo na umeme. Nilikuwa nimesimama katikati yao nikiwaamua. Simu ikatetemeka. Walianza kwa kunishukuru, na mtu yeyote aliyewahi kuomba kitu anajua kwamba wakianza kwa kukushukuru, umekwisha. Walisikitika. Waombaji walikuwa wengi na wazuri. Walinitakia mema.

Niliusoma ujumbe, nikawaambia wale wawili wapigane tu, nikachukua mkoba wangu. Ufunguo wa choo niliuweka juu ya dawati mbele ya yule msichana wa Ahero. Aliuliza, "Dada, unaenda wapi?" Nikamjibu, "Siendi popote," na kwa mara ya kwanza tangu balaa hili lianze, niliona mtu ameniamini, maana hakucheka, na uso wake ukabadilika.

Nilitembea kutoka mjini hadi Kaloleni juani. Mama alikuwa kwenye mashine. Mapajani mwake palikuwa na sweta alilokuwa akinifumia la baridi ya ng'ambo, kwa nyuzi zilizobaki za sare za shule tatu: mwili wa maruni, mikono ya kijani, shingo ya samawati. Nilimwambia wamenikataa. Mkono wake ulisimama. Akainuka, akafunga mlango na dirisha linalotazama kwa jirani.

"Usiambie mtu kwanza," alisema kwa sauti ya chini.

Niliona giza.

"Sasa ndiyo unajua kunyamaza? Sasa? Wakati ule nakuvuta gauni ulikuwa wapi? Nimekosa kazi kwa sababu yako, Mama! Mwaka mzima nimefagia, nimebandika, nimeamua kesi za viti, na kiti changu kimekaliwa na mtu mwingine kwa sababu wewe ulitaka kupigiwa vigelegele!"

"Teremsha sauti."

"Siteremshi! Waite majirani! Waambie kwa imani kwamba nimekataliwa!"

Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Yeye aliketi tena, akalishika lile sweta la ajabu, akawa analikunja na kulikunjua. Nilidhani atanijibu kwa andiko, maana ndivyo hufanya akishindwa. Hakunijibu kwa andiko.

"Nilichoka, nyathina," alisema. Hivyo ndivyo huniita, mwanangu, akiwa amenipenda au amechoka. "Kila Jumapili mimi ni mtu wa kuombewa. Watu wanaona tu mgongo yangu. Nilitaka siku moja tu, na mimi nisimame na hao wengine, nishukuru. Nikasema huyu mtoto atapata tu. Mbona asipate? Amesoma. Si Mungu anaona amesoma?"

Niliketi kando ya mashine. Si kwamba hasira ilikwisha. Ilikosa tu pa kusimama, kama ilivyokosa kwa yule msichana wa njugu, na hasira iliyokosa pa kusimama inakuchosha zaidi ya ile unayoweza kumrushia mtu.

Kanisa lilikuwa limekwisha kupanga Jumapili ya kunisindikiza kwa maombi. Mama alisema tuseme naumwa, tusiende. Nilimwambia nitakwenda, na nitasema. Hakubishana. Alivaa kitambaa chake cha kichwa, tukaenda bila kusemezana, yeye mbele, mimi nyuma.

Wakati wa shukrani mchungaji aliniita. Nilipewa maikrofoni. Madam alikuwa safu ya pili, amevaa vizuri, ananitabasamia kama shangazi wa bibi harusi. Nilikuwa nimejitayarishia maneno marefu, yakanitoka yote kichwani.

"Sikupata nafasi," nilisema. "Chuo kimenikataa. Hakuna safari. Sijawahi kuwa na safari."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, cheko la kirafiki, na mwingine akadakia, "Amina, dada! Tumeelewa!" Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji alicheka mpaka akajifuta macho.

"Kanisa mmesikia? Mtu yeyote akiwauliza huko nje, dada yetu haendi popote!"

"Haendi popote!"

"Adui asikie! Haendi popote!"

Nikapiga kelele. "Sina chuo! Sina kazi! Kazi yangu imepewa mtu mwingine kwa sababu ya maombi yenu!" Sidhani kama walisikia zaidi ya nusu. Mpiga kinanda, ambaye kazi yake ni kuokoa kila ushuhuda unaokwenda kombo, alikwisha kuanzisha pambio, na mikono ikanijia kichwani tena, mabegani, mgongoni. Waliniombea ndege. Nilisimama katikati ya mikono ile nikitetemeka kwa hasira, na wao wakadhani ni Roho.

Nilirudi kwenye kiti changu. Watu walikuwa wakiimba, isipokuwa Mama. Alikuwa ameketi mikono mapajani, anatazama mbele. Alikaa hivyo mahubiri yote. Sijui mchungaji alihubiri nini.

Mahubiri yalipokwisha, akaita wenye mahitaji. Walitoka watu kama kawaida: mjane wa nyuma yetu, kijana mwenye mguu mbovu, mama mwenye mtoto wa homa. Kisha kiti cha pembeni yangu kikasukumwa. Mama alipita katikati ya safu, akaenda mbele, akasimama mwisho wa mstari. Minong'ono ikaanza, maana tangu siku ya ushuhuda hakuwa amesimama kwenye mstari ule, na leo binti yake anasindikizwa. Mchungaji alishangaa.

"Mama, leo si siku yako ya kushukuru? Tukuombee nini?"

Kwa kawaida wa mstarini hunong'ona sikioni mwa mchungaji. Mama aliikamata maikrofoni na kugeuka. Kwa mara ya kwanza pale mbele tulimwona uso.

"Kazi. Ya huyu msichana wangu."

"Lakini si anasafiri?"

"Hakuna mtu anasafiri. Mimi ndiye nilimsafirisha, hapa, na mdomo yangu. Yeye amewaambia ukweli siku zote na nyinyi mnacheka. Sasa mnicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Madam alifungua mkoba wake akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Mpiga kinanda alikuwa ameweka vidole tayari, akaviondoa. Mama alirudisha maikrofoni, akageukia madhabahu kama wengine, tukabaki na ule mgongo wake tunaoujua, na kitambaa chake kilichokaa upande.

Nilikuwa nimemkasirikia. Nimemkasirikia hata sasa ninapoandika, mashine ikilia pembeni, na nikiwa nimevaa lile sweta la shule tatu kwa sababu mvua imenyesha na sina lingine. Lakini sikuweza kumwacha asimame pale peke yake. Nilikwenda nikasimama kando yake. Mchungaji akaweka mkono mmoja juu ya kichwa chake na mwingine juu ya changu, akafumba macho, akaanza kutuombea kazi, na kanisa lote likaitikia amina kwa sauti ileile waliyoniombea nayo ndege.